Kwenu Kabisa ni Wapi?

"Kwenu ni wapi?"

"Kericho."

"La, madam. Nauliza kwenu kabisa."

Hiyo ilikuwa Jumanne, dirishani pa ofisi fulani nilikofuata cheti, na hadi leo nasaga meno. Karani alishasoma jina langu la tatu na kuamua mimi ni wa Kisii. Kwetu kabisa! Nimezaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wachuma majanichai, nyumba ya nne kutoka bombani. Kisii sijalala usiku kumi, na wote ulikuwa wa matanga.

Wakisii, Wajaluo na Waluhya hawakupotea njia wakajikuta Kericho. Kampuni za Waingereza zilipoanza kupanda chai miaka ya 1920 zilitaka mikono mingi, na Wakipsigis wengi, wenyeji wa Kericho, hawakuona kwa nini wakamchumie mzungu kwenye ardhi iliyokuwa yao. Ndipo wakatafutwa wa mbali. Mama yangu alichuma mpaka mgongo ukakataa, majani mawili na chipukizi, mvua ikinyesha, aproni ya plastiki kiunoni. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu hata siku ya Krismasi. Jirani wa kulia alitusalimu "chamgei", wa kushoto "oyawore", sisi "bwakire", na jioni kwenye mizani wote wakamlaani mpima majani kwa Kiswahili kimoja.

Najua, najua. Wakipsigis wanadai deni ambalo halijalipwa. Ukoo wao wa Talai ulifukuzwa na serikali ya mkoloni mwaka 1934 ukatupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, na mashamba yale mazuri bado ni chai ya kampuni. Haya, nakubali. Lakini aliyeyachukua hakubeba kikapu mgongoni. Mbona basi kila uchaguzi unaponuka ni sisi wa laini tunaoitwa madoadoa, yaani wageni wasiotakiwa? Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi, tulilala nje ya kituo cha polisi, blanketi moja watu watano, na aliyetuletea uji alfajiri ni yule yule jirani wa "chamgei". Aliuficha ndani ya kikapu cha majani, juu ameweka matawi, ili vijana wa kwao wasimwone.

Siku hizi zimekuja mashine za kuchuma. Zinafanya kazi ya watu wengi na hakuna anayeziuliza kwao kabisa ni wapi. 2023 nyingine zilichomwa moto, ila hilo nitaliandikia siku yake.

Nilimwambia karani aandike Kericho. Akatabasamu, akaandika Kisii, akagonga muhuri.