Meza Namba Saba

Mwaka jana nilimpeleka mke wangu kwenye mgahawa mmoja kule Masaki, ile mitaa ambayo hata mbwa wana bima. Jina silitaji, maana Dar ndogo. Siku ile tulipokelewa kama wakwe: kiti unavutiwa, kitambaa unatandikiwa mapajani, na mhudumu hapiti bila kuuliza mnaendeleaje. Tangu hapo nikawa nasimulia, na kila nikisimulia najiongezea cheo, mpaka nikafikia kusema, "Wananijua pale."

Kosa langu ni kumwambia maneno hayo mjomba wa Dodoma.

Akaja Jumamosi kwa treni ya SGR. Shikamoo haijapoa, akasema, "Mjomba, nipeleke huko wanakokujua." Nikajipigilia shati jeupe, suruali nyeusi, na tai ya damu ya mzee niliyofungia ndoa.

Mlangoni hakunijua mtu. Meza tulionyeshwa kwa kidole. Tukaagiza changu mkubwa wa kuchoma, 48,000, tugawane, na maji mawili. Maji yakaja. Mhudumu akapotea kama mtu anayedaiwa.

Nusu saa ikapita. Dakika 45. Mjomba alishasoma chupa ya maji mbele na nyuma, hadi tarehe ya kuisha muda. Saa ilipotimia akaiweka chini taratibu.

"Mjomba, treni imenitoa Dodoma kwa saa tatu na nusu tu. Huyu samaki anatokea wapi, Kigoma?"

Nikainuka kumtafuta mhudumu. Hatua ya tatu tu, mama mmoja akanidaka mkono: "Kaka, pilipili tumeomba tangu saa ngapi?" Nikageuka nimweleze kwamba amekosea, ndipo nikawaona wahudumu wawili wameegemea kaunta, kila mmoja na simu yake. Shati jeupe. Suruali nyeusi. Tai ya damu ya mzee. Mwaka jana walivaa vizibao vya kahawia, naapa!

Sasa ningesema nini? Pilipili nilikuwa naiona, iko kwenye meza tupu ya jirani. Nikampa. Meza iliyofuata wakataka uma. Nikaleta. Na nilileta haraka, kusema kweli, kuliko mtu yeyote aliyekuwa akilipwa mshahara mle ndani.

Nikafika dirisha la jikoni nimdai samaki wangu. Sijafungua mdomo, mpishi akanisukumia sahani: changu mzima, mkia unaning'inia nje, limao limekatwa vipande, ndizi za kukaanga zinatoa mvuke. "Saba! Fasta, wamelalamika!"

Saba ndiyo ipi? Nikasimama katikati ya ukumbi, nikaita kwa sauti ya mtu wa kazi: "Saba?" Bwana mmoja wa pembeni, mwenye sura ya njaa kama ya mjomba, akanyoosha mkono. Nikamwekea. Nikamgeuzia na sahani, mkia usimchome. Akanikunjia noti ya elfu kumi kiganjani. "Hapa anayejua kazi ni wewe tu."

Nilifurahi, sifichi.

Nikarudi kwa mjomba mikono mitupu. Alikuwa ananitazama bila kupepesa. Hakusema neno. Akakisogeza pembeni kile chombo cha maua kilichokuwa mezani kwetu, na nyuma yake kulikuwa na kibao kidogo cha shaba: 7.

Bili, ajabu, haikuchelewa. Changu 48,000, maji 12,000. Nikamwambia mhudumu kwamba samaki hatujamla.

"Kaka, mfumo unaonyesha ametoka jikoni."

Ametoka, ndiyo. Nilianza kuuliza nani alimbeba, nikaona bora ninyamaze. Mjomba akakohoa. Nikahesabu elfu sitini, ile kumi ya yule bwana ikiwemo humohumo, nikakabidhiwa risiti ya EFD ndefu kama barua ya posa.

Tukapanda bajaji hadi Coco Beach. Mihogo ilikuwa inatoka kwenye mafuta muda huohuo, pilipili iko pembeni kwenye ndoo ndogo, na mbele yetu wako kama watu watano. Mjomba akawapita wote kwa umri wake, akamgusa muuzaji begani na kunionyesha kwa kidevu.

"Mwanangu, mhudumie huyu kwanza. Ndiyo kwanza anatoka kazini."