Kangxi alikuwa na haki ya kukasirika

Falsafa ya Ulaya ilipokutana na ya China, sifa zote humwendea Matteo Ricci, Mjesuiti (padri wa shirika la Kikatoliki) wa Italia aliyefika Macau, pwani ya China, mwaka 1582. Anastahili. Mwanzoni alinyoa kichwa akavaa kama mtawa wa Kibudha. Alipoona watawa hao hawana uzito mbele ya wasomi, mwaka 1595 akavaa joho la hariri na kufuga ndevu. Yeye na msomi wa Kichina Xu Guangqi walitafsiri kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya jiometri ya Euclid, Mgiriki wa kale, vikatoka 1607.

Ila alikuwa mjanja. Alimkumbatia Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, akidai watu wa enzi zile walimjua Mungu mmoja; wafafanuzi wa baadaye, ambao ndio waliosomwa kwa ajili ya mitihani ya serikali, akasema wamepotoka. Yaani mgeni anakuja kwako anakwambia babu yako alikuwa sahihi, wewe ndiye humwelewi! Hata hivyo, vitabu alivisoma, tena kwa lugha yao.

Baada yake ukaja ugomvi: kufukiza ubani mbele ya vibao vya mababu ni ibada au heshima tu? Wajesuiti wengi walisema heshima. Charles Maigrot, Mfaransa aliyesimamia kanisa katika jimbo la Fujian, akaupiga marufuku ufukizaji huo mwaka 1693. Mwaka 1706 Kangxi, mfalme wa China, alimwita kwenye kasri lake la kiangazi, akamwonyesha maandishi ya herufi nne ukumbini, asome. Akatambua moja tu. Kangxi huyu ndiye aliyeuruhusu Ukristo mwaka 1692, na sasa anafundishwa maana ya mila zake na mtu wa namna hiyo! Roma, yaani Papa, nayo ilikuwa imeshaamua upande wa Maigrot tangu 1704, ikakazia 1715. Msimamo haukulegezwa hadi 1939.

Huko Ulaya, Confucius alikuwa ameshageuzwa silaha ya ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1721, mwanafalsafa Mjerumani Christian Wolff, aliyemsoma kupitia tafsiri ya Mjesuiti François Noël, alisimama katika chuo cha Halle, huko Prussia ya Ujerumani, akasema Wachina wamethibitisha kwamba akili peke yake inaweza kumfikisha mtu kwenye maadili mema. Wanateolojia wakawaka. Mwaka 1723 mfalme wa Prussia akampa saa 48 aondoke, la sivyo anyongwe. Wolff akaenda Marburg, akaendelea kufundisha.