Mansholt na mlima wa siagi: lawama zote si zake, ila zake zipo

Sicco Mansholt, Mholanzi aliyesimamia kilimo cha nchi za Ulaya zilipoanza kuungana, ana lawama mbili na zote zinapingana. Wa kwanza wanasema yeye ndo kaijaza Ulaya siagi na ngano isiyo na mnunuzi, wa pili wanasema yeye ndo alitaka kuwafukuza wakulima wadogo mashambani. Kila upande una ushahidi wake, hapo ndo utamu ulipo.

Kwanza jamaa alikuwa mkulima kweli, alilima Wieringermeer huko Uholanzi, ardhi iliyokaushwa toka baharini, na wakati wa vita alikuwa upande wa waliopinga Wajerumani kwa siri. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Waholanzi walikufa njaa, watu walifika kula vitunguu vya maua ya tulip, halafu vita inaisha tu anapewa uwaziri wa kilimo. Mwaka 1958 akahamia Brussels kuwa kamishna wa kwanza wa kilimo wa zile nchi sita zilizoanzisha muungano wa Ulaya. Mtu katoka kwenye njaa ile, chakula kuzidi kitamtishaje?

Mfumo wenyewe wa kilimo cha pamoja ulipitishwa Januari 1962 baada ya vikao vya kukesha, mpaka saa ya kikao ikasimamishwa ili Desemba 31 ihesabike haijapita. Soko moja, bei moja, mazao ya nje yanatozwa ushuru ili yasiuzwe kwa bei ya chini kuliko mazao ya kwao, na kilichokosa mteja kinanunuliwa kwa mfuko wa pamoja. Hapa nampa maua yake, maana bila kilimo Ufaransa isingekubali kirahisi kufungulia viwanda vya Ujerumani soko lake, kwa hiyo muungano wote ulishikiliwa na huu mkataba wa wakulima.

Tatizo likawa bei. Desemba 1964 mawaziri walikubaliana ngano iwe mark 425 (pesa ya Ujerumani) kwa tani, bei ya Wajerumani ikashuka, ya Wafaransa ikapanda, na mkulima akilipwa vizuri kwa kila gunia bila kikomo unategemea afanye nini? Atalima tu. Wanaomtetea Mansholt wanasema bei walipanga mawaziri kwa kuogopa kura, na ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini hiyo 425 alipendekeza yeye mwenyewe, na mashine isiyo na breki aliijenga yeye.

Na aliona mapema. Desemba 1968 akaja na mpango wake, watu milioni 5 watoke kwenye kilimo ifikapo 1980, hekta milioni 5 zipumzishwe, wazee wapewe pensheni, vijana wafundishwe kazi nyingine, mashamba yanayobaki yawe makubwa. Kihesabu alikuwa sawa, ila mkulima wa kule Ufaransa au Bavaria, Ujerumani, alisikia kitu kimoja tu, kwamba hatakiwi. Februari 1971 wakulima wakaingiza ng'ombe ndani ya ukumbi wa mawaziri Brussels, mwezi uliofuata makumi ya maelfu wakaandamana na mtu mmoja akafa. Mpango ukakatwakatwa, 1972 vikapita vipande vitatu tu.

Mi naona kosa lake kubwa halikuwa kusema ukweli ule, ni kuusema miaka kadhaa baada ya kuwaahidi watu bei nzuri. Wakulima wadogo waliendelea kuondoka hata hivyo, plani au bila plani, na mlima wa siagi isiyo na mnunuzi ukazidi kukua mpaka maziwa yakawekewa kikomo 1984. Ziada ilisukumwa nje kwa ruzuku na kuharibia wakulima wa nchi nyingine soko, zikiwemo za Afrika, na makubaliano ya kufuta ruzuku hizo duniani yalikuja kufikiwa Nairobi, Desemba 2015. Siku hizi hela ya ruzuku ya Ulaya inalipwa zaidi kwa ukubwa wa shamba, karibu asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja inaenda kwa asilimia 20 ya wanaopokea, na hilo huwezi kumbebesha Mansholt, alishafariki 1995.