Mtungi Uliochorwa Unasema Nini?

Katika maduka ya sanaa mjini Kampala picha moja hurudi tena na tena: mwanamke, machweo, na mtungi kichwani. Wapo wanaoisoma kuwa ishara ya uzazi na ukarimu wa Mwafrika. Wapo wanaosema mtungi ni mtungi tu, na kwamba mchoraji aliupenda kwa sababu umbo la mviringo hupokea mwanga vizuri na watalii hununua. Mimi naona pande zote mbili hutoa hukumu kabla ya kuuliza chombo chenyewe kilikuwa cha kazi gani.

Wanaotetea ishara wana ushahidi mzito huko Ankole, magharibi mwa Uganda. Ekyanzi huchongwa kwa mti, hutiwa maziwa, hufunikwa kwa kifuniko kilichosukwa kwa ustadi, na kabla ya kutumika hufukizwa kwa moshi wa nyasi ili maziwa yapate harufu nzuri. Katika nyumba ya wafugaji vyombo hivi vilipangwa juu ya orugyegye, mahali pake maalumu pa heshima. Mchoraji anayevipanga hivyo kwenye turubai hajabuni ishara yoyote, ameikuta nyumbani. Vivyo hivyo Buganda, ambako wafinyanzi wa Kabaka walivisugua vyungu vya ikulu kwa grafiti hadi vikang'aa weusi, rangi ya chungu kwenye picha yaweza kumwambia mtazamaji kilikuwa cha nyumba ya nani.

Hata hivyo, wapinzani wao hawapaswi kupuuzwa. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, aliwahimiza wanafunzi wachore maisha waliyoyajua, na vyombo viliingia pichani kwa sababu vilikuwapo jikoni na kisimani. Kukipachika kila kibuyu siri ya ukoo ni kumnyima msanii haki ya kutazama tu. Tena, ile kauli kwamba mtungi ni tumbo la mama yaweza kusemwa juu ya chombo chochote cha mviringo duniani, kwa hiyo haitufundishi lolote kuhusu Uganda.

Kwangu mimi, kipimo ni matumizi. Mchoraji akimvisha mwanamke gomesi, vazi la Buganda, na kumtekesha maji kwa ekyanzi, chombo cha maziwa cha Ankole, amechanganya nyumba mbili, na hakuna maelezo ya ukutani yatakayoiokoa picha hiyo. Lakini akionyesha kata ya kichwani ya majani makavu ya migomba (Waganda huiita enkata, neno lile lile), au unyevu unaotoka kama jasho kwenye ensuwa, mtungi wa maji wa Waganda, kwa maana maji hupenya udongo na kuupoza mtungi yanapokauka, hapo utamaduni umo ndani ya rangi yenyewe.

Na tukisema vyombo vya kila siku, tukubali kwamba leo familia nyingi huteka maji kwa jerikani ya njano iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Husemwa kwamba plastiki haina utamaduni. Sikubaliani nalo hata kidogo. Foleni kwenye bomba alfajiri, mtoto na jerikani yake ya lita 5 nyuma ya mama mwenye ya lita 20, ndizi mbichi iliyochomekwa mdomoni mahali pa kifuniko kilichopotea: hayo bado yanasubiri turubai kubwa.