Kauri au kopo la sprei? Heda za gari na chumvi ya Malindi

Nilikuwa nimekaa kwenye gereji moja hapa Malindi, upande wa kutokea kwenda Mambrui, nikisubiri gari langu lifungwe breki, ubishi ukazuka. Kijana mmoja alikuja na heda mpya za Subaru Impreza yake, yale mabomba ya kutolea moshi kwenye injini, za chuma cha kawaida, zimechomelewa Mombasa, bado zina mafuta ya kiwandani. Akasema anazituma Nairobi zikapakwe kauri, lile tabaka gumu linalookwa kwenye tanuri. Mzee mwenye gereji akatikisa kichwa. "Mwanangu, hela hiyo nunua matairi. Chukua kopo la sprei ya moto, paka. Ikichakaa, paka tena." Kijana akajibu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma: "Mzee wangu, zile za kwanza nilizipaka ya kopo. Masika hayajaisha, zishaiva kutu."

Siku ile sikuingilia. Nimeufikiria sana ubishi wao tangu hapo, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki, na hakuna kati yao aliyeitaja chumvi.

Heda ni yale mabomba yanayotoka kwenye kichwa cha injini, moja kwa kila silinda, yakaenda kukutana na kuwa bomba moja la ekzosi. Moshi wa injini ya petroli iliyokanyagwa sawasawa hupita hapo ukiwa na joto la nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi. Chuma chenyewe huwa chini ya hapo, maana kwa nje kinapozwa na upepo, lakini kikifika nyuzi 500 na kitu utakiona gizani kikianza wekundu hafifu. Rangi ya bodi haina la kufanya mahali kama hapo. Hata rangi ya injini ya makopo, ambayo nyingi mwisho wake ni karibu nyuzi 260, huungua ikanuka gari zima. Zinki nayo iondoeni akilini: huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na anayekuja kuchomelea bomba lenye zinki anauvuta mvuke wake na kulala na homa.

Zinabaki njia mbili za kweli. Ya kwanza ni rangi ya silikoni ya kopo, ambayo nyingi huandikwa kwamba zinahimili nyuzi 650, na zile zilizotiwa unga wa kauri huandikwa 1,000 na zaidi. Ya pili ni kauri ya karakana, inayopulizwa na fundi wa kazi hiyo, ndani na nje ya bomba, kisha ikaokwa kwenye tanuri.

Ukisoma namba hizo utadhani kazi imekwisha: tafuta kubwa, nunua. Ila hapa kwetu heda huliwa zikiwa baridi. Gari likitembea, chuma cha nyuzi mia kadhaa hakiwezi kushika unyevu, na kutu haipati maji ya kuanzia. Balaa huja usiku, gari limeegeshwa, injini imepoa, upepo wa bahari unaingia chini ya boneti. Chumvi huanza kuvuta maji ya hewani na kuyeyuka mara unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, na huo kwa usiku wa Malindi si unyevu wa kutafuta. Aliyewahi kusahau bakuli la chumvi wazi jikoni wakati wa kusi anajua alilikutaje asubuhi. Jambo lile lile linatendeka juu ya bomba lako. Ongeza barabara ya Gongoni na Marereni, njia ya malori ya chumvi, na mitaa yetu ambayo mvua ikipiga saa moja tu inageuka ziwa. Na kwenye Subaru heda hupita chini ya injini, karibu kabisa na ardhi. Dimbwi lolote linaanza nazo.

Hapo ndipo rangi ya kopo inapoonyesha uzuri wake na ubovu wake. Silikoni ikipata moto wa kutosha, sehemu zake zinazoweza kuungua huungua zikaondoka, na kinachobaki ni tabaka jembamba la jamii ya mchanga na kioo, limeshikamana na chuma pamoja na unga wa alumini uliokuwemo kwenye rangi. Tabaka hilo ndilo linalohimili. Kabla halijaokwa ni laini, tone la petroli linalifuta. Likishaokwa ni gumu, lakini jembamba, lina vinyweleo, na hewa ya chumvi inapenya kidogo kidogo. Kwa hiyo mzee anaposema paka tena, anasema kweli: hiyo ni rangi ya msimu, na uzuri wake ni kwamba kila mtu anaweza kuirudia mwenyewe uani kwake. Kijana naye anasema kweli kwamba kwake haikufika hata msimu. Sababu ya hilo naijua, nitaifikia.

Kauri ya karakana ina hoja nzito mbili. Ya kwanza inalinda ndani ya bomba, mahali ambapo sprei haifiki kabisa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, na gari la safari fupi fupi, sokoni, msikitini, nyumbani, huzimwa kabla maji hayo hayajakauka. Sehemu kubwa yake huenda kutulia nyuma kwenye sailensa, sawa, lakini heda nazo hupata fungu lao. Ya pili, kauri huzuia joto lisitoke nje ya bomba. Joto hilo huenda nyuma pamoja na moshi, badala ya kuoka waya, mipira ya maji na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mtu anayeendesha Malindi mchana wa Februari, jua la kaskazi, msururu umesimama, anaelewa maana ya kupunguza joto chini ya boneti.

Hoja za kuikataa hazitokani na ubahili peke yake. Nairobi ni kilomita 600 hivi kutoka hapa. Kazi ikiwa na kasoro, safari ni ya pili, na gari limekaa juu ya mawe siku zote hizo. Kwa anayelitegemea kwa riziki, hizo siku ndizo bei halisi. Tena kauri ni ngumu, na kitu kigumu hubanduka. Jiwe moja la barabara ya Marafa likipiga chini ya Subaru linatosha kutoa kipande cha ukubwa wa kucha, na chumvi ikishapata mlango huo huanza kutembea chini ya tabaka, kimyakimya, hadi siku inapobanduka ukubwa wa kiganja. Na kuna jambo la kuchomelea. Heda za kuchomelewa hupasuka kwenye maungio, hasa miezi ya mwanzo, bomba linapojifunza kupanuka na kunywea. Ukirudisha moto wa kuchomelea pale, kauri ya pembeni imeharibika, na huku hakuna wa kukurudishia kama ilivyokuwa.

Kuna wanaotoka nje ya ubishi huu kwa kufunga heda kitambaa cha nyuzi za kioo. Kwa nchi kavu wana maneno yao. Kwa pwani naomba tusifanye. Kile kitambaa kinanyonya maji ya dimbwi na chumvi yake, kinayashika juu ya chuma usiku kucha, na mchana kinazuia bomba lisipoe. Nimeshika kwa mkono wangu heda iliyofunguliwa kutoka humo: bomba lilikuwa linamung'unyuka kama biskuti iliyoloweshwa chai.

Sasa matayarisho, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo pesa za watu wa pwani zinapopotelea, awe wa kauri au wa kopo.

Miaka kadhaa nyuma nilipeleka manifoldi yangu, yaani heda ya kiwandani, kwa fundi mmoja, sitamtaja, aipige mchanga kwa kompresa. Ilirudi nyeupe safi, nikafurahi. Nikaiosha kwa maji ya kisima cha nyumbani, nikaianika, nikapaka sprei nzuri ya bei. Ndani ya mwezi ikatoka madoa madogo ya kahawia, sawasawa kama mtu aliyenyunyiza pilipili manga. Rangi haikuwa imebanduka popote. Kutu ilikuwa imetokea chini yake, kila doa mahali pake. Baadaye sana ndipo nikaelewa: mchanga ulichotwa ufuoni. Ule mchanga umejaa chumvi, na kompresa ilikuwa inaupigilia ndani ya vinyweleo vya chuma. Kisha mimi mwenyewe nikaongeza ya kisima, maana visima vingi vya mjini maji yake yana chumvi. Nilipaka rangi ya nyuzi 650 juu ya chumvi, ikaishikilia vizuri kabisa.

Kwa hiyo kwanza uliza mchanga umetoka wapi. Chembe za alumini oksaidi au za chuma ndizo zinazofaa. Zikikosekana, brashi ya waya na msasa kwa mkono ni bora mara kumi kuliko mchanga wa ufuoni. Na tukiwa hapo: vumbi la mchanga likipigwa kwa kompresa huvunjika likawa laini mno, huingia mapafuni na halitoki, na ugonjwa wake hauna tiba. Vijana wetu wanafanya kazi hiyo wamejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii. Mwenye gereji anayewapa kazi hiyo anunue barakoa za vumbi za kweli, hata kama itabidi apandishe bei, na sisi wateja tulipe.

Baada ya kusafisha, osha kwa maji matamu: ya mvua, au ya bomba yanayotoka Baricho, si ya kisima. Kausha papo hapo kwa kompresa au kwa moto, kwa sababu chuma kitupu pwani huanza kubadilika rangi ndani ya saa chache. Futa kwa asetoni au thina safi, na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kutoka hapo vaa glavu, maana vidole vya mtu vina mafuta na jasho, na alama ya kidole itakuja kujionyesha rangi ikipata moto. Manifoldi kuukuu ya chuma cha kumimina ina shida yake ya ziada: imekunywa oili miaka mingi. Ipashe moto hadi ifuke moshi, iache ipoe, kisha isafishe upya. Ukiruka hilo, oili itatoka yenyewe siku ya kwanza ya safari na kubeba rangi yako.

Praima ya kawaida usiitie chini, wala dawa za kugeuza kutu. Nyingi huungua zikaondoka na rangi iliyo juu yake. Ziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi uso unaokaa gasketi na tundu la sensa ya oksijeni. Pia mahali pa kukaza nati, kwa sababu rangi ikiungua pale huacha nafasi na nati hulegea. Paka tabaka nyepesi mbili au tatu, si moja nene. Nene huvimba malengelenge. Kisha kuoka, ambako watu wengi huruka. Maagizo ya makopo mengi yanakaribiana: washa injini dakika kama 10, zima, iache ipoe kabisa, washa dakika 20, ipoe tena, kisha endesha nusu saa mfululizo. Moshi utatoka na utanuka, fanyia mahali wazi. Ukifunga heda zilizopakwa jioni na kulaza gari karibu na bahari bila kuoka, umelaza rangi laini kwenye hewa ya chumvi.

Nikipima yote, naelemea upande wa mzee kwa gari la kawaida la Malindi, kwa sharti la matayarisho hayo. Rangi inayoweza kurudiwa kila mwaka kabla ya masika inakufanya uingie chini ya gari mara moja kwa mwaka, uione kutu ikiwa bado changa. Kauri ningeipeleka kwenye gari la tabo, lile ambalo moshi wake huzungusha pangaboi la kuisukumia injini hewa, au gari ambalo mwenyewe anajua atakaa nalo miaka, na heda ambazo hazitarudi kwa fundi wa kuchomelea.

Kwa yule kijana jibu langu ni gumu zaidi. Heda zake ni mpya, ndani ni safi, na hazitakuwa safi tena kama zilivyo leo. Hiyo ndiyo hoja yake yenye nguvu kuliko zote, na mzee hakuijibu. Dhidi yake ni yale maungio yaliyochomelewa juzi, ambayo bado hayajapata jaribio hata moja. Mimi ningepaka ya kopo, niendeshe mwaka mmoja, nione zinapasuka wapi, nizichomelee, na zikitulia ndipo zipande gari kwenda Nairobi, nikikubali kwamba fundi wa kule atakuwa na kutu ya ndani ya kuondoa na hataifikia yote.

Na nikimkuta tena gereji, kabla hatujafika kwenye kauri wala kopo, nitamwomba ainame na tochi aangalie gasketi za tapeti kava, vile vifuniko vya valvu za injini. Kwenye hizo Subaru huvuja sana zikizeeka, na oili hudondokea moja kwa moja juu ya heda. Zile za kwanza alizosema ziliiva kutu kabla masika hayajaisha, nilizitazama zikiwa zimetupwa pembeni ya ukuta. Upande mmoja ulikuwa mweusi tii, umeungulia oili, na hapo ndipo rangi ilipoanzia kubanduka.