Mpeni Mtoto Usingizi Kabla ya Kumpa Motisha

Ujumbe uliingia katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi Jumapili usiku, wakati ambapo wengi wetu tumeshachoka kiasi cha kukubali lolote. "Wazazi wapendwa," ulianza, na yeyote aliyewahi kulipa karo nchini Kenya anajua kwamba mapenzi ya namna hiyo hayaji bure. Uongozi wa shule ulikuwa umebaini kwamba ari ya wanafunzi hushuka mno katika muhula wa pili, na kwa hivyo ulikuwa umebuni mikakati minne ya kuirejesha: masomo ya ziada kuanzia saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtihani mfupi kila Ijumaa, mzungumzaji wa kuhamasisha atakayeletwa kutoka Nairobi, na baiskeli kwa kila mwanafunzi atakayepata "kuzidi matarajio" katika masomo yote. Gharama tungegawana. Kabla sijafika mwisho wa ujumbe, alama za kidole gumba zilikuwa zimekwisha kujipanga chini yake, na mzazi mmoja alikuwa ameandika "Amina", sijui kwa sala ipi.

Sikatai kwamba muhula wa pili ni mgumu. Mwaka 2025 muhula huo uliendelea kwa wiki 14, kuanzia mwisho wa Aprili hadi tarehe 1 Agosti, ukiwa na mapumziko mafupi tu mwishoni mwa Juni. Sisi wa Nakuru tunaongezewa baridi ya Juni na Julai, sweta iliyofuliwa Jumamosi ikiwa bado na unyevu Jumatatu, na mtihani wa kufungua muhula, wa katikati na wa kufunga, utadhani mtoto ni ng'ombe wa kupimwa uzito kila anapopita langoni. Watoto hulegea. Walimu nao hulegea, ila wao hawaandikiwi mikakati.

Ninachokataa ni wazo kwamba mtoto aliyelegea amepungukiwa na hamu ya kusoma, na kwamba hamu hiyo inaweza kununuliwa na kuletwa darasani. Wengi wa watoto wetu wamepungukiwa na kitu cha kawaida kabisa, ambacho hakuna anayekitaja kwa sababu hakina risiti. Wamepungukiwa na usingizi.

Mwanangu yuko Gredi ya 8. Tunaishi Kiamunyi na shule yake iko upande wa Lanet, kwa hivyo basi hulazimika kuuvuka mji mzima likiokota watoto njiani. Basi lenyewe ni moja kwa upande wetu na hufanya mizunguko miwili. Gredi ya 7 hadi ya 9 wamewekwa katika mzunguko wa kwanza, eti kwa sababu wao ni wakubwa na wana maandalio ya asubuhi, yaani kujisomea kabla ya vipindi kuanza, na wadogo husafiri katika mzunguko wa pili. Maana yake ni kwamba saa kumi na moja na nusu alfajiri kijana wangu anapaswa kuwa langoni, na ili awe langoni huamka saa kumi na dakika 45. Jioni hurudi saa kumi na mbili na nusu, huoga, hula, hufanya kazi ya ziada, na akijitahidi sana huwa kitandani saa nne usiku. Fanyeni hesabu wenyewe. Ni saa sita na dakika 45, na hapo sijatoa muda wa kujigeuzageuza. Mwaka 2016, Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilipendekeza kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Mkakati wa kwanza wa shule, ule wa masomo ya saa kumi na mbili na robo, ungelisogeza basi mbele kwa nusu saa nyingine, yaani saa kumi na moja kamili, saa ambayo hata mwadhini wa mtaa bado anasafisha koo.

Kuna asubuhi nililipanda basi hilo kwa kuwa nilikuwa na shughuli Lanet na gari langu lilikuwa kwa fundi. Nilitarajia kelele za watoto. Kulikuwa kimya, taa za ndani zimezimwa, na vichwa vilikuwa vikigonga vioo kila tulipopita tuta. Msichana mmoja alikuwa amelala na kipande cha mkate mkononi, kimeng'atwa mara moja tu. Anti wa basi alikuja, akakitoa taratibu katikati ya vidole vyake, akakifunga kwa karatasi ya shashi, akakitia katika mfuko wa pembeni wa begi, kisha akaenda kwa mtoto wa kiti kilichofuata akafanya vivyo hivyo. Hakumwamsha hata mmoja. Mwendo wa mikono yake ulionyesha kwamba hiyo ni sehemu ya kazi yake ya kila siku, kama kufunga mlango. Huyo ndiye mtu mmoja katika shule nzima ambaye nina hakika anajua kwa nini ari imeshuka, na hakuna aliyemuuliza.

Jioni, ukitaka ushahidi, fungua daftari. Katika daftari la mwanangu la Sayansi Jumuishi kuna ukurasa ambao maandishi yanaanza vizuri, yanainama kidogo, herufi zinakuwa kubwa na kuachana, kisha penseli inachora mstari mmoja mrefu unaoteremka hadi ukingoni mwa ukurasa. Hapo ndipo usingizi ulipomshika. Chini ya mstari huo, kwa wino mwekundu, mwalimu ameandika: "Tia bidii zaidi."

Bidii gani? Ubongo hutumia usingizi kuyaimarisha yale yaliyosomwa mchana, na mtoto anayenyimwa usingizi ili asome zaidi hunyang'anywa kwa mkono wa kushoto alichopewa kwa mkono wa kulia. Tena kwa vijana waliobalehe mambo ni magumu zaidi, kwa sababu homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huanza kutolewa usiku ukiwa umesonga kuliko ilivyokuwa walipokuwa wadogo. Kumwambia kijana wa miaka 14 alale saa mbili usiku ili aweze kuamka saa kumi si nidhamu bali ni kumwagiza akabishane na mwili wake. Na sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna hata kisingizio cha jua la mapema, kwa maana hapa Nakuru huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Tunawatoa watoto kitandani jua likiwa bado halina habari nasi.

Kuna watakaosema kwamba mtoto akipewa muda zaidi wa kulala atautumia kukesha. Hilo limepimwa. Mwaka 2016 jiji la Seattle, Marekani, lilisogeza saa ya kuanza masomo ya sekondari kutoka saa mbili kasoro dakika 10 hadi saa tatu kasoro robo asubuhi, na watafiti waliofuatilia wanafunzi katika shule mbili walikuta kwamba walikuwa wakilala kwa dakika 34 zaidi kila siku ya shule. Jimbo la California likapitisha sheria mwaka 2019, iliyoanza kutumika 2022, ya kuzizuia shule nyingi za sekondari kuanza masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Najua, Nakuru si Seattle, na nimeshaandaa masikio yangu kwa mzazi atakayenikumbusha kwamba yeye alitembea kilomita nyingi pekupeku na akafaulu.

Basi tuachane na Wamarekani na tusome sheria zetu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema kwamba katika shule za kutwa, za umma na za binafsi, masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha shughuli za nje ya darasa hadi saa kumi na moja kasoro robo, na kwamba mwanafunzi wa kutwa asilazimishwe kufika kabla ya saa moja na robo asubuhi. Hii si siri ya serikali. Kila mwalimu mkuu anaijua, na kila baada ya muda waziri wa elimu wa wakati huo huikariri mbele ya kamera, sote tukaitikia, kisha basi likaja saa ileile. Masomo ya ziada yanaitwa majina mapya ili yasiitwe tuisheni, nasi tunayalipia kupitia M-Pesa huku tukijifanya hatujui tunalipia nini.

Nitakiri, kwa shingo upande, kwamba shule haikulivumbua jambo hili peke yake. Sisi wazazi ndio tunaouliza kwanza, "Jirani wanaanza saa ngapi?", na mwalimu mkuu anayefungua lango saa moja na robo anaogopa, pengine kwa haki, kwamba tutawahamisha watoto Januari. Kuna pia mama anayeingia zamu ya asubuhi hospitalini na baba anayewahi lori la shamba la maua, ambao basi la alfajiri linawafaa kwa sababu hawawezi kumwacha mtoto nyumbani peke yake. Hilo ni hitaji la kweli, lakini ni hitaji la malezi, na mtoto anayefika mapema kwa sababu hiyo anaweza kuachwa ainamie dawati alale badala ya kupewa hisabati. Na ndiyo, wapo watoto wanaokesha na simu chini ya blanketi. Simu hiyo ilinunuliwa na mzazi, na mzazi anaweza kuichukua saa tatu usiku bila kuitisha mkutano.

Kuhusu mikakati mingine sina mengi. Mtihani wa kila Ijumaa utamweleza mwalimu yale ambayo mtihani wa Ijumaa iliyotangulia ulishamweleza. Mzungumzaji wa kuhamasisha atapiga kelele kwa saa mbili, atawafanya watoto waruke na kusema "mimi ni mshindi", atalipwa, atarudi Nairobi. Baiskeli inanitia wasiwasi kidogo zaidi, kwa sababu mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora, na wale walioahidiwa tuzo ili wachore walionekana baadaye, walipoachwa wachague wenyewe, wakichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Isitoshe, sote tunawafahamu watoto watatu au wanne watakaozipata baiskeli hizo, na hao hawakuwa wamelegea tangu mwanzo.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi na nitahudhuria. Siendi kuomba miujiza wala basi la pili, kwa kuwa bei ya dizeli naijua. Naomba mizunguko ibadilishwe: wadogo, ambao kwa kawaida huamka mapema hata Jumapili tunapowasihi walale, wasafiri katika mzunguko wa kwanza utakaoanza saa kumi na mbili, na Gredi ya 7 hadi ya 9 wapande wa pili, wafike kabla ya saa mbili kama kanuni inavyoruhusu. Maandalio ya asubuhi yafutwe. Nimeshadokezwa kwamba jibu litakuwa kwamba Gredi ya 9 wanakabiliwa na KJSEA, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari ya chini, ambao unabeba asilimia 60 ya alama za kuwapeleka sekondari ya juu, na kwa hivyo hawana muda wa kulala. Nitaomba nionyeshwe ni swali gani katika karatasi hiyo linalojibiwa vizuri zaidi na mtoto anayesinzia.