Ndege wa Calcutta ni kazi ya nani?

Kwezi mwenye utosi mweusi ametua kwenye tawi la mkunazi. Pamoja naye kuna nondo wawili, kiwavi na kifukofuko. Nyuma yao hakuna mbingu wala ardhi, ni karatasi tupu. Picha hii ilichorwa Calcutta, India, mwaka 1777 na Shaikh Zain ud-Din, fundi wa mji wa Patna.

Yeye na wenzake wawili, Bhawani Das na Ram Das, waliajiriwa na Mary Impey, mke wa Elijah Impey, jaji mkuu Mwingereza huko Bengal. Walimchorea picha zaidi ya 300, nyingi zikiwa za ndege. Mnadani London mwaka 1810 zikatawanyika, lakini hadi leo zinajulikana kwa jina la Impey. Ubishi unaanzia hapo.

Wanaomtetea bibi huyo hawakosi hoja. Alifuga ndege na wanyama nyumbani kwake, kwa hiyo mafundi waliweza kuwatazama wakiwa hai. Huko Ulaya wachoraji wengi walitegemea ngozi zilizokaushwa, na ngozi hudanganya: Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, mwaka 1758 alimwita ndege mmoja wa peponi *apoda*, asiye na miguu, jina lililotokana na ngozi zilizokuwa zikifika Ulaya zimekatwa miguu. Kuwa na ndege mzima mbele ya macho si jambo dogo, na gharama yake aliibeba Bibi Impey.

Sawa, ila aliyegharamia hakushika brashi. Mkono ule uliochora unyoya mmoja mmoja haukufundishwa na Waingereza. Ulirithi uchoraji wa Kimughal, yaani wa dola ya Kiislamu iliyotawala India, ambao zaidi ya karne moja nyuma ulikuwa na Ustad Mansur, aliyemchorea mfalme Jahangir ndege kadhaa na hata punda milia aliyetoka Habasha. Waingereza walileta karatasi yao, rangi za maji, na mahitaji ya wanasayansi. Halafu majina yakagawanywa: mwaka 1790 John Latham, mtaalamu wa ndege Mwingereza, alimpa ndege mmoja wa Himalaya, wa jamii ya kuku, jina la *impejanus*, kutokana na Impey. Sijui ndege hata mmoja aliyeitwa kwa jina la Zain ud-Din.

Mimi naegemea kwa mafundi, na hata istilahi ya "uchoraji wa Kampuni", yaani Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, wanayoitumia wanahistoria wa sanaa kwa picha kama hizi, inanikera. Mwaka 2019 jumba la Wallace Collection, London, liliwaonyesha kama mabingwa waliosahauliwa. Waliosahauliwa na nani, wakati majina yao yako kwenye picha zenyewe? Na hilo, kusema kweli, ni sifa ya Bibi Impey, kwani waajiri wengi wa zama zake hawakujali nani amechora. Pembeni mwa karatasi mmeandikwa kwa Kiingereza kwamba picha ni ya mkusanyo wake, na imechorwa na mwenyeji wa Patna. Katikati ya maneno hayo jina la fundi limeandikwa kwa hati ya Kiajemi. Mtoto wa chuo cha Kurani huko Lamu, aliyezoea herufi za Kiarabu ambazo Kiajemi nacho huzitumia, angehangaika na Kiingereza kile, lakini "Zain ud-Din" angelisoma.